MTOTO WA MBWA ALIYEZALIWA NA UGONJWA WA INI



Katika kurasa hizi tumezoea kueleza habari za mishahara, likizo na usalama wa kazini. Safari hii tunaeleza jambo la nyumbani. Mwenzetu mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha chai magharibi mwa Uganda, aliombwa na binti yake amtafutie mbwa mdogo wa manyoya marefu, kama wale anaowaona mjini. Baba alidunduliza kwa muda mrefu, kisha akanunua mtoto wa mbwa wa aina ya Yorkshire terrier, jike, mwenye umri wa wiki tisa. Muuzaji alimwambia kwamba huyu ndiye mdogo kuliko ndugu zake wote, na kwa sababu hiyo bei yake iko juu zaidi. Mwenzetu akalipa.

Nyumbani kijibwa alipendwa na wote. Lakini hakukua. Asubuhi alicheza, jioni akizubaa. Jumapili moja nyama ilipikwa, naye akapewa sehemu yake akala vizuri. Muda si mrefu akaanza kuyumba kama mlevi. Akazunguka chumba akifuata ukuta, kisha akasimama kimya huku paji la uso limekandamizwa ukutani. Kesho yake akawa mzima. Majirani wakasema amelishwa sumu. Wengine wakasema ni jicho la watu. Mama wa nyumba akamshuku kijana wa nyumba ya pili ambaye hakuwapenda mbwa, na maneno yakaanza.

Kumbe hakuna mtu aliyemdhuru. Kijibwa yule alizaliwa na ugonjwa wake. Mshipa mmoja wa damu ulikuwa umekwenda mahali pasipo pake.

Pengine msomaji atauliza, mtu wa mshahara mdogo ana haja gani na maradhi ya mbwa? Haja ipo. Mwenzetu alipoteza fedha kwa kutojua, akakaribia kugombana na jirani kwa kutojua, na mnyama akateseka kwa kulishwa chakula kisichomfaa, pia kwa kutojua. Kwa hiyo tutaeleza ugonjwa huu ni nini, unavyotambuliwa, na mambo yanayoweza kufanywa na mtu wa kawaida.

MBWA WA WATU WA VIWANDANI

Wengi hudhani kwamba Yorkshire terrier ni mbwa wa matajiri. Asili yake siyo hiyo. Katika karne ya 19 viwanda vya nguo na machimbo ya makaa ya mawe viliongezeka sana katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Wafanyakazi wengi walihama kutoka Scotland kwenda huko kutafuta kazi, wakafuatana na mbwa wao wadogo wa kukamata panya. Mbwa hao walizaa na mbwa wa huko, na kidogo kidogo ikapatikana aina mpya. Kazi yake ilikuwa kuua panya viwandani na katika nyumba za wafanyakazi.

Mbwa anayehesabiwa kuwa baba wa aina hii aliitwa Huddersfield Ben. Alizaliwa mwaka 1865 akafa mwaka 1871. Alishinda zawadi nyingi katika maonyesho, na pia alisifiwa kwa ustadi wa kuua panya. Mwaka 1886 chama kinachoandikisha mbwa wa mbegu safi nchini Uingereza kiliitambua aina hii rasmi.

Baadaye mbwa huyu alitoka viwandani akaingia katika nyumba za wenye nacho, na huko wakamtaka awe mdogo zaidi. Siku hizi kanuni za chama hicho zinataka uzito wake usizidi kilo 3.2. Ili kupata mbwa wanaofanana, wafugaji huzalisha wanyama wa ukoo mmoja. Lakini umbo likirithiwa, kasoro nazo huweza kurithiwa. Ndiyo maana Yorkshire terrier yumo katika orodha ya mbwa wanaopatwa mara nyingi na ugonjwa huu wa ini. Wengine wadogo walio katika orodha hiyo ni Maltese, Cairn terrier, pug na miniature schnauzer.

INI NI KIWANDA

Ili kuufahamu ugonjwa huu, tuchukue mfano wa kiwanda cha chai. Majani mabichi yakichumwa hupakiwa katika lori na kupelekwa kiwandani. Huko hunyaushwa, husagwa, hukaushwa na kuchambuliwa, ndipo hupelekwa sokoni. Hakuna anayepeleka majani mabichi sokoni.

Mwili nao hufanya kazi kama hiyo. Chakula kikishasagwa tumboni, damu huchukua vitu vyake kutoka kwenye matumbo. Damu hiyo haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa katika mshipa mmoja mkubwa na kupelekwa kwanza kwenye ini. Ini huisafisha, huweka akiba, huondoa sumu na kutengeneza vitu ambavyo mwili unavihitaji. Baada ya hapo ndipo damu huendelea kwenye moyo na kusambazwa mwilini.

Sasa fikiri kwamba kuna njia ya panya inayotoka shambani hadi barabara kuu bila kupita kwenye lango la kiwanda, na malori mengi yanapita huko. Mambo mawili yatatokea. Kwanza, sokoni itafika mali ambayo haijatengenezwa. Pili, kiwanda kitakosa kazi na mashine zitakaa bure. Ndivyo ilivyo kwa mbwa huyu. Damu yenye sumu za matumboni hupita pembeni ya ini, ikafika kwenye moyo na ubongo kabla ya kusafishwa. Na ini lenyewe, kwa kukosa damu hiyo, hubaki dogo na dhaifu. Ini likiwa dogo, mwili wote hudumaa.

Njia hii ya pembeni inatoka wapi? Mtoto akiwa tumboni, ini la mama ndilo linalosafisha damu yake. Kwa hiyo maumbile yameweka mshipa mfupi wa kupitisha damu pembeni ya ini la mtoto. Siku chache baada ya kuzaliwa mshipa huo hufunga wenyewe. Katika baadhi ya mbwa, hasa wa aina kubwa, mshipa huo hukataa kufunga. Katika mbwa wadogo kasoro kwa kawaida ni nyingine. Huwa kuna mshipa wa ziada ulio nje ya ini, usiotakiwa kuwapo kabisa, unaounganisha mshipa wa matumbo na mshipa mkubwa unaokwenda moyoni. Kwa kuwa uko nje ya ini, na mara nyingi ni mmoja tu, daktari mpasuaji huweza kuufikia kwa urahisi zaidi.

KWA NINI NYAMA INAMLEVYA

Nyama, damu na maini vina protini nyingi. Wadudu wadogo walio ndani ya matumbo huvunja mabaki ya protini, na humo hutoka sumu iitwayo amonia. Kwa mnyama mzima, ini huigeuza amonia kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, nacho hutolewa pamoja na mkojo. Kwa mbwa mwenye njia ya panya, amonia na sumu nyingine hufika kwenye ubongo. Hapo ndipo anapoyumba, anapozubaa na hata kupatwa na kifafa.

Jambo hili lilianza kujulikana zamani. Mwaka 1877 daktari wa Urusi, Nikolai Eck, aliwapasua mbwa na kuunganisha mshipa wa matumbo na mshipa mkubwa wa moyoni, ili damu isipite kwenye ini. Mwaka 1893 mtaalamu Ivan Pavlov na wenzake huko St. Petersburg walieleza yaliyowapata mbwa waliofanyiwa hivyo. Walipokula nyama walizubaa, waliyumba, hawakuona vizuri na walipatwa na mitukutiko. Hicho ndicho alichokiona mwenzetu nyumbani kwake Jumapili ile, ila mbwa wake alizaliwa hivyo.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili hazitokei zote kwa kila mbwa, na baadhi ya mbwa hawaonyeshi kitu mpaka wawe wakubwa. Zilizo za kawaida ni hizi:

(a) Hakui. Ndugu zake wanamzidi kwa umbo na uzito, naye anabaki mwembamba.

(b) Anazubaa, anayumba, anazunguka mduara, anakandamiza kichwa ukutani, au anaonekana kama kipofu kwa muda. Mara nyingine hali hii huja baada ya chakula, hasa cha nyama, kisha huisha. Lakini si mbwa wote wanaofuata saa za chakula.

(c) Anapatwa na kifafa.

(d) Anatapika, anaharisha, au anachagua chakula. Wengine hula vitu visivyo chakula.

(e) Anakunywa maji mengi na kukojoa mara nyingi. Mkojo huweza kuwa na damu, au akajikamua bila kutoa kitu, kwa sababu vijiwe vimejitengeneza kwenye kibofu.

(f) Akichomwa sindano ya usingizi kwa sababu nyingine yoyote, anachelewa mno kuamka.

Msomaji asikimbilie kusema, “Mbwa wangu ana ugonjwa huu.” Minyoo hudumaza watoto wa mbwa. Ugonjwa wa distempa huleta kifafa. Na watoto wa mbwa wadogo kabisa huishiwa na sukari katika damu wakikaa saa nyingi bila kula, wakalegea na kutetemeka. Angalia saa. Anayezidiwa akiwa na njaa, akapata nafuu upesi anapopakwa asali au maji ya sukari kwenye fizi, pengine ni sukari iliyopungua. Anayezidiwa akiwa ameshiba, lifikirie ini. Hata hivyo mwenye kukata neno ni daktari wa mifugo.

TAHADHARI KUBWA: KICHAA CHA MBWA

Katika nchi zetu kichaa cha mbwa bado kipo na kinaua watu. Mbwa anayeyumba, anayetokwa na udenda au aliyebadilika tabia asishikwe na watoto, hata kama ni mdogo kama paka. Mfungie peke yake, kisha mwite daktari wa mifugo. Akikuuma, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atapona. Ugonjwa wa ini hauambukizi mtu, lakini kwa kumtazama tu huwezi kujua mbwa ana upi kati ya hiyo miwili.

VIPIMO

Mwenzetu alikwenda kwa daktari wa mifugo akiwa na kitu kimoja kilichosaidia kuliko vyote. Binti yake, wa darasa la tano, alikuwa na daftari. Kila siku aliandika mbwa amekula nini, saa ngapi, na baadaye amekuwaje. Daktari alisoma kurasa mbili tatu, akauliza juu ya zile Jumapili za nyama, kisha akasema apimwe ini. Daftari halina gharama. Kila mwenye mbwa mgonjwa aweza kufanya hivyo.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Mbwa hukaa bila kula kwa saa kadhaa, damu huchukuliwa, kisha hulishwa, na baada ya saa mbili damu huchukuliwa tena. Maabara hupima asidi za nyongo. Ini zima huzikamata asidi hizo kila zinaporudi kutoka matumboni. Damu ikipita pembeni, asidi hubaki nyingi katika mwili, hasa baada ya chakula. Mtoto mdogo sana asiachwe na njaa bila ruhusa ya daktari, kwa ile hatari ya kuishiwa sukari. Amonia nayo huweza kupimwa, lakini damu hiyo haina budi kufika maabara upesi.

Kipimo cha pili ni picha, ili mshipa wenyewe uonekane. Hutumika mashine ya mawimbi ya sauti, kama ile ya kuwaangalia akina mama wajawazito, au mashine kubwa za picha zilizo katika miji michache. Mahali pa kuuliza kwanza ni vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari wa mifugo, kama Makerere huko Kampala, Kabete karibu na Nairobi, na Sokoine huko Morogoro. Uliza bei kabla ya kusafiri, na uliza pia kama kipimo kinachotakiwa kinapatikana siku hiyo.

CHAKULA NA DAWA

Tiba ya kwanza, iwe kuna upasuaji au hakuna, ni chakula na dawa. Haizibi ile njia ya panya, lakini hupunguza sumu inayopita humo.

Katika chakula, acha nyama nyekundu, maini, figo na damu. Mayai, maziwa ya mgando, jibini na soya huvumiliwa vizuri zaidi. Vichanganywe na wali, ugali au viazi. Lakini usimnyime protini kabisa, kwani mtoto anayekua akikosa protini ataisha misuli na hali itazidi kuwa mbaya. Kiasi chake kipangwe na daktari kwa uzito wa mbwa, pamoja na madini na vitamini, kwa kuwa wali na yai peke yake havitoshi. Zipo pia nchi ambako huuzwa chakula cha kopo kilichotengenezwa kwa mbwa wenye ugonjwa wa ini. Alishwe kidogo kidogo mara nne hadi sita kwa siku. Maji safi yawepo wakati wote.

Dawa kuu ni sharubati tamu iitwayo laktulosi, ile ile wanayopewa watu wenye ugonjwa wa ini au choo kigumu. Huizuia amonia isiingie kwenye damu, na huharakisha choo. Kiasi hurekebishwa mpaka mbwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Akiharisha, kiasi kimezidi. Daktari huweza kuongeza dawa ya kuua wadudu wa matumboni wanaotengeneza amonia, na dawa ya kifafa pale inapohitajika. Usimpe dawa yako mwenyewe. Vidonge vya kutuliza maumivu vya binadamu huweza kumuua, maana ini lake haliwezi kuvisafisha. Na kila daktari atakayemgusa, hata wa chanjo, aambiwe kwanza kwamba ini lake lina kasoro.

Mbwa akifunga choo, akitokwa na damu matumboni, au akila nyama kwa siri, huweza kuzidiwa ghafla. Akilala asiamke, au kifafa kikifuatana bila kupumzika, hiyo ni hali ya kukimbilia kwa daktari. Usimmiminie kitu mdomoni akiwa hajitambui, kitaingia mapafuni.

UPASUAJI

Tiba inayogusa chanzo ni upasuaji. Daktari huutafuta mshipa wa ziada na kuufunga. Lakini ukifungwa mara moja, damu yote hulazimika kupita kwenye ini lililozoea damu kidogo, na presha katika mishipa ya matumbo huweza kupanda hadi kumuua mbwa. Kwa hiyo mara nyingi mshipa hufungwa polepole. Njia moja iliyoanza kuelezwa mwaka 1996 kwa ugonjwa huu ni pete ndogo ya chuma. Ndani yake imetandazwa kitu kilichotengenezwa kwa protini ya maziwa, ambacho hunywa majimaji ya mwili na kuvimba. Kadiri wiki zinavyopita pete hubana, na ini hupata nafasi ya kuzoea na kukua. Njia nyingine ni kuuzungushia mshipa utepe wa selofani.

Mbwa wengi wadogo waliopasuliwa huishi vizuri, na wengine huacha dawa kabisa. Hata hivyo wapo wanaokufa wakati wa upasuaji au mara baada yake, na wapo wanaoshikwa na kifafa kikali katika siku chache za mwanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia mbwa 124 wenye ugonjwa huu, ulionyesha kwamba waliopasuliwa waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliotibiwa kwa chakula na dawa peke yake.

Hayo ndiyo ya kitabuni. Ya mfukoni ni mengine. Katika Ulaya na Marekani upasuaji huu pamoja na vipimo vyake hugharimu maelfu ya dola, na madaktari walioufanyia mazoezi ni wachache. Kwa mfanyakazi wa kiwanda au shamba, mara nyingi jambo hili haliwezekani. Hakuna aibu katika kusema hivyo mbele ya daktari. Mwambie mapema una kiasi gani, ili akupangie njia inayolingana na uwezo wako, na usimalizie fedha kwenye vipimo ukakosa za dawa.

KUKATA SHAURI

Mwenye mbwa ana njia tatu. Ya kwanza ni upasuaji, kama fedha na daktari vipo. Ya pili ni chakula na dawa kila siku, kwa muda wote mbwa atakaoishi. Ya tatu ni kumwomba daktari amlaze kwa sindano asiteseke.

Mwenzetu alishika ya pili. Aliketi na mke wake na binti yake, wakahesabu. Ada ya shule isiguswe, chakula cha watoto kisiguswe, na mkopo usichukuliwe kwa ajili ya mbwa. Kilichobaki kilitosha laktulosi na mayai. Binti akapewa kazi ya kumlisha na kuendelea na daftari. Mama akaenda kwa jirani, akamweleza kijana yule kwamba alimdhania vibaya.

Kijibwa aliishi miezi 14 baada ya hapo. Mingi kati yake ilikuwa mizuri, akikimbia mlangoni kila king'ora cha kiwanda kilipolia jioni, kwa kuwa alijua baba anarudi. Mwishoni daftari lilionyesha kifafa karibu kila siku, na siku za kucheza zikawa chache kuliko za kulala. Hapo wakakubaliana wote, wakamwita daktari. Binti aliambiwa ukweli tangu mwanzo. Hakudanganywa kwamba mbwa amepelekwa kuishi mjini.

Tunaeleza haya kwa sababu wengine hudhani kukubali sindano ya mwisho ni ukatili, na wengine hudhani kumtunza mbwa mgonjwa ni upuuzi. Yote mawili si kweli. Jiulize maswali machache kila wiki. Je, anakula kwa hamu? Anawatambua watu wa nyumbani? Siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya? Siku majibu yatakapogeuka, utajua.

KABLA YA KUMPOKEA MTOTO WA MBWA

Linalozuilika ni rahisi kuliko linalotibiwa. Anayetaka mbwa wa aina ndogo, awe wa kununua au wa kupewa na mtu anayehama, azingatie yafuatayo:

(1) Mwone akiwa pamoja na mama yake na ndugu zake. Muuzaji anayekutana nawe njiani akiwa na mtoto mmoja ndani ya kikapu, mwache.

(2) Usimchague aliye mdogo kuliko wote kwa sababu ya udogo wake. Wauzaji husifu udogo uliopita kiasi na kuuongezea bei. Huenda udogo huo ndio dalili ya kwanza ya ugonjwa. Mwenzetu alilipa zaidi kwa ajili ya kasoro yenyewe.

(3) Uliza kama wazazi wake wamewahi kuzaa watoto waliodumaa, waliopatwa na kifafa au waliokufa mapema. Asiwe chini ya wiki nane.

(4) Pata hati ya malipo yenye tarehe na jina la muuzaji, na mapatano ya maandishi kwamba daktari akikuta ugonjwa wa kuzaliwa katika siku chache za kwanza, mbwa atarudishwa au fedha zitarudishwa.

(5) Mpeleke kwa daktari wa mifugo katika wiki ya kwanza, kabla watoto hawajamzoea mno.

(6) Ikiwa mbwa wako ana ugonjwa huu, asizalishwe hata kama amepona kwa upasuaji. Mshipa umefungwa, lakini urithi umebaki. Mwarifu aliyekuuzia, ili wazazi wake nao wasizalishwe tena. Huko Uholanzi wataalamu waliwachunguza mbwa wa aina ya Cairn terrier, wakathibitisha kwamba kasoro hii hurithiwa katika ukoo.

Wale wafumaji wa Yorkshire walimfuga mbwa huyu kwa kazi, na mbwa asiyeweza kukimbiza panya hawakumwita mzuri. Kipimo chao bado kinafaa. Mtoto wa mbwa mwenye afya hucheza, hula, hukua, na kesho huwa mkubwa kuliko jana. Ukimwona wako hakui, usimtafute mchawi, wala usimshuku jirani. Chukua daftari na kalamu, andika anachokula na saa anapozidiwa, kisha nenda kwa daktari wa mifugo aliye karibu nawe.